Kabla ya Panga Kuingia Kiwanjani



Mwezi wa Januari, mwaka juzi, binti ya kaka yangu alinipigia simu baada ya sala ya isha. Sauti yake ilijaa furaha. Yeye na mumewe, ambao tangu waoane walikuwa wakilipa kodi ya vyumba viwili Mombasa, walikuwa wameazimia kujenga nyumba yao Kuruwitu, katika shamba aliloliacha babu ya mumewe. "Shangazi," aliniambia, "tumekwisha kupatana na mwenye tingatinga. Jumamosi atausafisha msitu wote kwa siku moja. Arubuni tumempa. Twataka uje utuombee dua."

Dua nilimwombea palepale. Kisha nikamwuliza maswali matatu. Msitu huo una miti gani? Miti hiyo ni ya nani? Na hati ya shamba ina jina la nani? La kwanza alilijibu nusu: mwembe mkubwa, minazi kadhaa, na "vichaka tu". La pili lilimchekesha. "Shangazi, miti iliyo shambani kwetu itakuwa ya nani kama si yetu?" La tatu alilinyamazia kidogo, kisha akasema atamwuliza mumewe.

Nikamwambia, "Mwanangu, mwombe mwenye tingatinga asubiri juma moja. Jumamosi nitakuja, lakini tutaingia kwa miguu."

Nimepata idhini yao kuyaandika yaliyofuata, kwa sharti nisiwataje majina. Nayaandika kwa sababu familia zetu nyingi siku hizi zatoka mjini kwenda kujenga katika ukanda huu wa Kikambala, Vipingo, Kuruwitu na Takaungu, na aghalabu kazi ya kwanza huwa ni kufyeka. Mimi nasema kazi ya kwanza ni kuhesabu. Msitu ukishafyekwa, haki zilizokuwa ndani yake hazionekani tena, na asiyeiona haki huidhulumu bila kujua.

Miti tuliyoikuta

Kuruwitu iko kati ya bahari na barabara kuu ya Mombasa na Malindi, na upande wa bara yako mashamba ya mkonge ya Vipingo. Ardhi yake, hasa karibu na ufuo, ni jiwe la matumbawe lililofunikwa kwa udongo mwembamba. Mahali pengine ukipiga jembe mara mbili wagonga mwamba. Udongo ule mweusi kidogo unaouona chini ya vichaka umetokana na majani yaliyoanguka na kuoza kwa miaka mingi. Tingatinga husukuma miti na udongo pamoja, likaviweka pembeni kama takataka, na mwenye nyumba akabaki na jiwe jeupe lichomalo macho wakati wa jua la mchana. Baadaye hununua lori la udongo ili apande mchicha na asumini. Hulipa mara mbili kwa kitu kilichokuwa chake.

Tuliingia saa mbili ya asubuhi, watu wanne: mimi, binti yangu huyo, mumewe, na fundi wao. Tulikuwa na panga moja la kufungulia njia, daftari, kamba, na vitambaa vya rangi tatu. Nyekundu tulifunga kwenye mti wa kukatwa, nyeupe kwenye mti wa kubaki, na kijani kwenye mti ambao hatukuwa na uhakika nao. Nawausia nanyi mfanye hivyo. Mti uliofungwa kitambaa hauna ubishi siku wafyekaji watakapokuja, hata kama mwenye nyumba hayupo.

Tulihesabu minazi kumi na mmoja, mwembe mmoja mkubwa, mikanju mitatu mizee, mbuyu mmoja kando ya mpaka, na miarobaini mingi sana, midogo kwa mikubwa. Ndani ya vichaka mlikuwa na miti ya asili ambayo fundi aliijua kwa majina ya Kigiriama, nasi tuliiandika kama alivyoitamka.

Si kila mti ni wa kuhifadhiwa. Mwarobaini twaupenda kwa dawa na kivuli chake, lakini asili yake ni Bara Hindi, na hapa pwani umeenea wenyewe kwa sababu ndege na popo hula tunda lake na kuzisambaza mbegu. Ukiuacha huru hulibana kichaka cha asili. Tulibakisha miwili na mingine tukaifunga kitambaa chekundu. Mnazi ulioinama mahali ambapo watoto watachezea, au unaoangusha nazi juu ya paa, ni hatari na hauna budi kuondoka. Mbuyu mbao zake hazifai kitu, na kuung'oa ni taabu ya bure. Tuliuacha utulindie mpaka.

Mti wa kubaki nao una haki yake wakati wa ujenzi. Mizizi yake hufika mbali, aghalabu hupita mwisho wa kivuli cha matawi. Ukichimba msingi ndani ya kivuli hicho, au ukarundika mchanga na kuchanganya saruji pale chini, mti hautakufa siku hiyo. Utakauka baada ya mwaka mmoja au miwili, nawe utasema ni jicho la watu. Zungusheni kamba, mseme na mafundi, na mahali pa kuchanganyia saruji pachaguliwe mapema, mbali na miti.

Mwembe usio wetu

Mwembe ule mkubwa ulikuwa katikati kabisa ya mahali ambapo mkwe wetu alitaka kuweka nyumba. Ramani aliyochorewa ilikuwa na sebule pale pale penye shina. Tulipokuwa tukiupima unene kwa kamba, alikuja bibi mmoja wa Kigiriama kutoka boma la jirani, amejifunga leso mbili na mkononi ana ungo. Jirani zake humwita Hawe, yaani nyanya, nasi tukamwita hivyo hivyo.

Tulimwamkia, akatuitikia kwa upole, akatazama kamba yetu. Kisha akasema, "Shamba ni lenu, wanangu, sikatai. Lakini mwembe huu ni wa baba yangu."

Mkwe wetu alitaka kucheka. Nikamgusa mkono.

Wenyeji wa Kilifi hawatashangaa. Katika pwani yetu hii, tangu zamani, ardhi na mti huweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu humpa mwenziwe ruhusa ya kupanda minazi au miembe katika shamba lake, na aliyepanda huwa mwenye mti na matunda yake, hata mti ukarithiwa, ukauzwa au ukawekwa rehani peke yake, ilhali ardhi yabaki kwa mwenyewe. Ndiyo sababu wazee wakiuza shamba walikuwa wakitaja wazi: nauza ardhi na minazi, au nauza ardhi bila minazi. Vijana wetu waliokulia mjini hawakuyasikia haya. Hati ya serikali haiyaandiki. Lakini majirani wanayajua, na makubaliano ya watu wawili hayafi kwa sababu mjukuu hakuambiwa.

Hawe alitueleza kwamba babu ya mkwe wetu na baba yake walikuwa marafiki. Baba yake alikuwa akimwangulia minazi, na kwa ihsani akapewa ruhusa ya kupanda mwembe. Maembe yake alikuwa akiyachuma kila msimu tangu utotoni, na mwenye shamba hakumzuia hata siku moja. Tulimpigia simu ami mkubwa wa mkwe wetu. Naye bila kusita akasema, "Kweli. Mwembe ule si wetu. Mzee alikuwa akituchapa tukiuangua bila kuomba."

Fikirini, mama zangu, lau tingatinga lingeingia Jumamosi ile. Mwembe ungeanguka kwa dakika kumi. Bibi yule angekuja na ungo wake akakuta shimo, na sisi tungekuwa tumeanza nyumba ya ndoa kwa mali ya mtu. Watoto wangezaliwa mle na kusalia mle, na jirani wa kwanza angekuwa ana kinyongo cha haki.

Mkwe wetu, Allah amjaze kheri, alifikiri kidogo kisha akamwuliza, "Hawe, wataka tukulipe kiasi gani?" Akajibu, "Nikilipwa, mwakani nitachuma nini?" Hapo ikawa hakuna la kuongeza. Fundi aliinua ramani, akaigeuza, akaisogeza nyumba hatua kumi na nane upande wa kusini. Sebule ikapoteza mandhari iliyokusudiwa, na jiko likapata kivuli cha mwembe tangu alasiri. Kisha tukaandika karatasi mbele ya mzee wa mtaa na mashahidi wawili: mwembe ni wa Hawe na warithi wake, njia ya kuufikia ni ile ya kando ya mbuyu, na mti ukianguka wenyewe makubaliano yamekwisha. Andikeni, enyi mnaojenga. Ahadi ya mdomo iliwatosha mababu kwa sababu waliishi pamoja. Sisi twaishi mbali, na wajukuu wetu wataishi mbali zaidi.

Walio chini ya vichaka

Karibu na mpaka wa magharibi, ndani ya kichaka kilichofungamana kwa miiba, tulikuta mawe ya matumbawe yamepangwa. Hayakuwa mengi. Ami alituambia hajui ni ya nani, ila wazee walikuwa wakilipitia mbali eneo lile. Tulilifunga kamba nyeupe pande zote na kuliacha na kichaka chake. Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza hata kuketi juu ya kaburi, sembuse kulichimba msingi wa choo.

Na tusihesabu makaburi ya Waislamu pekee. Majirani zetu Mijikenda huwasimamishia wazee wao nguzo za mbao zilizochongwa, ziitwazo vigango, na nyingi zimeibwa na kuuzwa hata ng'ambo kama mapambo. Ukikuta nguzo ya namna hiyo shambani mwako, hata ikiwa imelala na kuliwa na mchwa, usiiguse. Waite wenyewe. Kuheshimu msiba wa jirani hakupunguzi imani ya mtu.

Maji yaliyo chini ya jiwe

Shamba lile lilikuwa na kisima cha zamani. Tuliyaonja maji yake: matamu, yenye ukakasi wa chumvi kwa mbali. Katika ardhi ya matumbawe iliyo karibu na bahari, maji ya mvua hupenya jiwe na kuelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Anayeteka kwa ndoo huchukua kidogo kidogo na tabaka hilo hubaki. Anayetia pampu kubwa na kuvuta mfululizo huyaita maji ya chumvi kutoka chini, na kisima chake huharibika pamoja na visima vya majirani.

Jiwe hilohilo lina nyufa na mapango. Maji machafu yakiingia katika ufa hayachujwi kama katika udongo wa mchanga, bali husafiri upesi. Kwa hiyo, kabla ya kuchora nyumba, wekeni alama za visima vyote, vyenu na vya jirani, kisha ndipo mchague mahali pa shimo la choo, mbali navyo kadiri kiwanja kiruhusuvyo, na mtangi wa kwanza uwe umejengwa na kusakafiwa usivuje. Fundi wetu alipita na mtaimbo akigonga mwamba mahali msingi utakapokaa. Penye sauti ya uwazi alichimba shimo la majaribio. Moja lilifunua pango la kumtosha mtoto kujificha. Heri lilionekana kabla ya ukuta kusimama juu yake.

Bora kuliko kisima ni paa. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000 za maji, ukitoa kidogo kinachopotea. Pwani yetu hii hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Wazee wetu walijenga majabia ya kukusanyia mvua misikitini na majumbani kwa sababu walilijua jambo hili. Basi mahali pa jabia pawekwe katika ramani tangu siku ya kufyeka, pasije pakatafutwa wakati ua umekwisha kujaa.

Bahari nayo ni jirani

Shamba lile halifiki ufuoni, lakini njia nyembamba ya wavuvi hulikata pembeni kuelekea bahari. Mkwe wetu aliuliza kama aweza kuiziba kwa ukuta. Nilimwambia aende akaketi na wavuvi kwanza asikilize habari zao.

Wavuvi wa Kuruwitu wanalo la kutufunza. Miaka ya mwanzo ya karne hii walikuwa wakirudi na kikapu kisicho na kitu. Samaki walikuwa wamepungua na matumbawe yamevunjika. Mwaka 2003 wakaunda jumuiya yao, na mwaka 2005 wakatenga eneo la bahari la kama hekta 30 ambalo hakuna mtu atakayelivua. Haikuwa rahisi kumwambia mwenye njaa aache kutupa nyavu mahali babu yake alipotupa. Wengine walipinga. Lakini samaki walirudi ndani ya eneo lile, wakakua, na wakatoka nje yake kwenda katika nyavu za watu. Mwaka 2017 jumuiya yao ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Ikiwa watu wasio na mali waliweza kuzuia mikono yao baharini, sisi wenye uwezo wa kujenga tutashindwaje kuzuia panga letu katika nusu ekari? Njia ya wavuvi ilibaki wazi, na ukuta ukarudi nyuma.

Kwa walio na viwanja vinavyofika ufuoni, nayataja mambo matatu kwa ufupi. Kwanza, kanuni za upimaji za Kenya hutenga ukanda wa mita zisizopungua 60 juu ya alama ya maji kujaa pale ardhi ya umma ya ufuoni inapopimwa ili igawiwe. Muulizeni mpimaji mpaka wenu wapita wapi kabla ya kufyeka, maana aliyewauzia huenda alikuonyesheni kwa kidole. Pili, msing'oe majani yatambaayo juu ya mchanga, kwa kuwa ndiyo yaushikao mchanga usichukuliwe na Kusi. Tatu, kasa hupanda kutaga mayai katika fukwe zetu, na vitoto vyake hufuata mwanga wa upeo wa bahari. Taa kali ya ukumbini huvipoteza vikarudi bara vikafa.

Usichome

Ilikuwa Januari, Kaskazi ikivuma na kila kitu kikavu. Fundi alipendekeza kwamba vichaka vikikatwa vikusanywe na kutiwa moto. Tulikataa. Moto wa Kaskazi hauna adabu. Cheche moja huruka juu ya makuti ya jirani, na mlango wa nyumba hiyo huenda una mzee asiyeweza kukimbia. Isitoshe, moto huutia joto udongo ule mwembamba na kuuondolea uhai wake.

Magogo tuliyaweka kando, mazito tukawapa majirani kuni na membamba yakawa mambo ya kupimia msingi. Matawi na majani yalikatwakatwa na kutandazwa chini ya miti iliyobaki. Visiki vilivyokuwa ndani ya mstari wa nyumba vilichimbwa vyote pamoja na mizizi minene, kwa sababu mzizi uozao chini ya sakafu ni karamu ya mchwa, na mchwa akimaliza karamu hupanda katika milango. Udongo wa juu ulifagiliwa kwa jembe na kurundikwa pembeni kwa ajili ya bustani. Vijana sita wa pale pale Kuruwitu waliimaliza kazi hiyo kwa siku tisa. Ujira wao ulizidi kidogo bei ya tingatinga, lakini hakuna lori la udongo lililonunuliwa baadaye, na fedha ilibaki mtaani.

Hata hivyo, siku hizo tisa hazikuja upesi. Zilikuja baada ya miezi kumi na minne, na sababu yake ni lile swali la tatu.

Jina lililo katika hati

Hati ya shamba, ekari sita, ilikuwa bado ina jina la babu, naye alikwisha kufariki miaka mingi. Aliacha watoto wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike. Mkewe alimtangulia. Watoto wa kiume walikuwa wamekubaliana kwa maneno kwamba huyu ajenge kusini na yule kaskazini. Mabinti, mmoja aliyeolewa Malindi na mmoja Lamu, hawakuulizwa. Si kwa ubaya, nilivyoambiwa. "Shangazi zetu wana nyumba zao," alisema mkwe wetu.

Nilimjibu kwamba shangazi kuwa na nyumba hakuifuti faradhi. Kwa familia ile hesabu ilikuwa nyepesi: mafungu sita, kila mwana wa kiume mawili, kila binti moja. Ekari mbili, mbili, moja na moja. (Ikiwa mjane au wazazi wa marehemu wako hai hesabu hubadilika. Nendeni kwa Kadhi, msihesabu barazani.) Katika shamba lile theluthi nzima ilikuwa ya wanawake wawili ambao hakuna aliyewapigia simu. Na twajua onyo la Mtume (s.a.w.) juu ya mwenye kuchukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma, kwamba atavishwa shingoni kutoka ardhi saba. Onyo hilo halimbagui nduguyo wa kike.

Walikutana Malindi, nyumbani kwa shangazi mkubwa, baada ya sala ya Ijumaa. Palikuwa na ukimya mzito, maana kuna waliodhani kwamba amekuja mtu wa kuwavurugia. Ami alianza kueleza kwamba vijana wanataka kujenga na kwamba dada zake bila shaka watasamehe. Shangazi mkubwa alimwacha amalize, akammiminia kahawa, kisha akasema: "Sikatai kijana ajenge. Lakini nimesamehe nini ambacho sijaonyeshwa? Nionyesheni langu kwanza. Nikitaka kutoa, nitatoa mwenyewe kwa mkono wangu."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi moyoni mwangu. Wanawake wangapi wetu husemekana wamesamehe, na kumbe hawakuulizwa?

Ilichukua mwaka na zaidi: Mahakama ya Kadhi, cheti cha kifo kilichopotea, mpimaji, ofisi ya ardhi. Arubuni ya tingatinga ilirudi nusu tu. Kodi ya Mombasa iliendelea kulipwa. Binti yangu alilia kwenye simu si mara moja, akiniambia, "Shangazi, lau usingeuliza, sasa tungekuwa ndani." Alisema kweli. Wangekuwa ndani, katika nyumba iliyosimama juu ya fungu la mtu mwingine. Maana mpimaji alipoweka mawe ya mipaka, pembe ya kiwanja walichokuwa wamekichagua iliangukia upande wa shangazi wa Lamu. Alipoonyeshwa, alimega kipande hicho mwenyewe akamwandikia mkwe wetu hiba, mbele ya mashahidi. Kipande ambacho angenyang'anywa akakichukia, alikitoa akafurahi.

Ninyi mnaotia fedha zenu katika ujenzi wa mume, wekeni kumbukumbu: za saruji, za mabati, za ujira. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inamruhusu Mwislamu ahukumiwe kwa sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, na katika sheria yetu mali ya mke ni yake. Kilicho chake sharti kijulikane. Binti yangu na mumewe waliandikiana tangu siku ya kwanza nani ametoa nini, na mapenzi yao hayakupungua hata chembe.

Nyumba sasa imefika linta. Nilikwenda Kuruwitu mwezi uliopita, msimu wa maembe. Hawe alikuwa ameketi chini ya mwembe na ungo wake, na mafundi wamekaa pembeni yake wakila. Alinijazia kapu, nikataka kulipa, akanikatalia. Twajua kwamba mti aliopanda Mwislamu akala ndege, mtu au mnyama ni sadaka kwake. Nilijiuliza ni sadaka ngapi tulikaribia kuziangusha kwa siku moja, kwa haraka yetu.

Basi kama kuna msitu unaowangoja, ingieni kwa miguu kabla ya panga. Chukueni daftari. Ulizeni mti ni wa nani, kaburi ni la nani, kisima kinanywesha nani, njia yampeleka nani, na hati ina jina la nani. Mkishajua, fyekeni kwa bismillahi.

Tukutane juma lijalo, inshallah. Wabillahi tawfiq.